Mkoba wa Mgongoni kutoka Satellite

Mtu aliyelelewa Satellite, mtaa wa Nairobi, hahitaji kufundishwa kusafiri kwa pesa kidogo. Elimu hiyo ameipata bila karo kwenye Naivasha Road, kati ya Kawangware na Riruta, ambako mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni nauli ya kutoka mjini hupanda kabla matone hayajafika chini, na abiria huamua papo hapo kama atalipa au atashukia Dagoretti Corner amalizie kwa miguu. Anajua watu wanne wanavyoweza kulala kwenye bedsita moja bila kugombana. Anajua kibanda kinachoongeza supu ya maharagwe bila kuombwa, na kile ambacho chapati zake huwa nyembamba tarehe zikienda. Pesa zake huwa hazikai mfuko mmoja. Mwambie kwamba kuna vijana wa Ulaya wanaonunua vitabu vya kuwafundisha hayo, atakucheka.

Vitabu hivyo vipo, tena vimewatajirisha watu. Mwaka 1973 mume na mke, Tony na Maureen Wheeler, walichapisha kijitabu kilichoitwa Across Asia on the Cheap, wakakiunganisha kwa mikono nyumbani kwao Sydney. Miaka miwili baadaye kikafuata cha Asia ya Kusini Mashariki, South-East Asia on a Shoestring, walichokiandika wakiwa wamepanga katika hoteli ya bei ya chini Singapore. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kampuni ya Lonely Planet, na njia ya mkoba ya Bangkok, Penang, Singapore na Bali ikawa barabara kuu ya vijana wa nchi tajiri. Mwaka 1977 ikaja zamu yetu, Africa on the Cheap. Nairobi ilikuwa kituo kwenye njia hiyo. Kwa miaka mingi wazungu wenye mikoba mgongoni walilala hoteli ya Iqbal, kwenye Latema Road karibu na River Road, wakinywa chai meza moja na makanga na wafanyabiashara wa Eastleigh, wakiulizana basi la Lamu linaondoka saa ngapi. Wazazi wetu waliwaona wakipita. Sidhani wengi wao walijiuliza kama siku moja watoto wao wangepita upande wa pili.

Rafiki yangu ni kinyozi. Kibanda chake cha mabati kiko nyuma ya steji, kina viti viwili, kioo chenye ufa, na picha za mitindo ya nywele ambayo hakuna mteja aliyewahi kuichagua. Mimi naandika. Tulijuana tukiwa shule ya msingi, tukaingia chama kimoja tulipoanza kupata pesa, na pesa za chama zilipotufikia kwa zamu, wengine walinunua pikipiki. Yeye alisema, "Boss, mimi nataka kuona bahari ya upande ule mwingine."

Kitabu cha akina Wheeler kingeweza kuanza na bei ya kitanda. Cha kwetu kingeanza na Nyayo House. Hapo ndipo utakapopigwa picha ya pasi na kutoa alama za vidole, ndani ya jengo lile lile ambalo vyumba vyake vya chini vilitumiwa kuwatesa wapinzani wa serikali miaka ya themanini. Tangu Machi 2024 ada ya pasi ya kurasa 34 ilipanda kutoka shilingi 4,500 hadi 7,500. Kinyozi anayenyoa kichwa kimoja kwa shilingi mia anaweza kuipiga hesabu hiyo bila kalamu. Pasi yenyewe, ya samawati, yenye chipu na jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki juu, ilianza kutolewa Septemba 2017, na haina kasoro. Shida huanza unapoifungua mbele ya mtu wa nchi nyingine.

Tulitaka Thailand, kama kila mtu. Kwa Mkenya, Thailand ni viza ya kuombwa mapema: tiketi ya kurudi, mahali pa kulala palipolipiwa, na taarifa ya benki inayoonyesha kwamba pesa zako zimekaa kwenye akaunti kwa utulivu. Pesa za kinyozi hazikai. Zinaingia kwa M-Pesa mia mia, zinatoka kwa kodi, stima na karo ya mdogo wake. Yeye si maskini kuliko mwanafunzi wa Ujerumani aliyekopa nauli, ila maisha yake ya fedha hayana sura ambayo karani wa ubalozi anaitambua. Tukageuza ramani. Singapore, Malaysia na Ufilipino humpokea Mkenya bila viza. Ufilipino ni mbali zaidi na tiketi ni ghali. Kwa hiyo tungeshukia Singapore, tuvuke hadi Malaysia kwa basi, tupande pwani ya magharibi mpaka Langkawi, karibu kabisa na maji ya Thailand, na hapo tugeuze.

Karatasi nyingine ni ya manjano. Malaysia na Singapore humtaka anayetoka Kenya aonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Zamani chanjo hiyo ilihesabiwa kuwa ya miaka kumi. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, ni ya maisha, kwa hiyo anayekwambia ukadungwe tena kwa sababu cheti chako ni cha 2014 anakuuzia sindano. Piga nakala, na cheti chenyewe kikae ndani ya pasi.

Mama yake kinyozi hakujali viza wala sindano. Jioni ya kuaga alituketisha akatuambia, "Nyinyi watoto, mtu akiwapa mzigo uwanjani mumshikie, hata kama ni mkate, kataeni." Alikuwa na sababu. Machi 2025 habari za Mkenya aliyehukumiwa kifo Vietnam baada ya kupatikana na kokeni kwenye mizigo zilijaa kila runinga. Na tangu 2022 vijana wetu wamekuwa wakidanganywa kwa kazi za mauzo na huduma kwa wateja Bangkok, kisha wanavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa katika majumba ya utapeli wa mtandaoni, ambako hulazimishwa kuwalaghai watu wa mbali kwa simu. Wengine waliokolewa na kurudishwa nyumbani na serikali. Kijana wa Nairobi anayeelekea huko sasa ana shaka mbili juu yake, ya mama na ya afisa wa uhamiaji, na kwa kweli zote mbili zina msingi. Katika uwanja mmoja wa ndege njiani, ambao sitautaja, tuliondolewa foleni tukaulizwa maswali yale yale na maafisa tofauti, huku vijana wa Kizungu wenye mikoba mikubwa kuliko yetu wakipita kando bila kuinua macho kwenye simu zao. Kilichotuokoa ni mashine ya kunyolea. Afisa aliifungua, akaigeuzageuza, akauliza ni ya nini. Kinyozi akamtazama kichwani, kitaalamu, akamwambia upande wa kushoto walimkata vibaya. Yule bwana akacheka, tukapita.

Singapore si mji wa mtu wa mkoba. Kitanda cha hosteli, kijisanduku chenye pazia ukutani, kinagharimu kiasi ambacho Satellite ungelipia chumba wiki nzima. Lakini unakula. Kila mtaa una ukumbi wa wachuuzi wa chakula, makumi ya vibanda chini ya mapaa makubwa, na UNESCO iliuingiza utamaduni huo kwenye orodha yake Desemba 2020. Tulikula Tekka, mtaa wa Wahindi, biriani ya mbuzi ambayo ingemfanya mtu wa Mombasa anyamaze kidogo. Meza zilikuwa zimejaa. Ile iliyokuwa wazi ilikuwa na pakiti ya tishu katikati, na rafiki yangu alipotaka kukaa, mzee mmoja akamtikisia kichwa: tishu ile imeshikilia kiti, mwenyewe yuko kwenye foleni. Kinyozi aliikodolea macho muda mrefu. "Kwetu," akasema, "ungerudi ukute tishu imeenda na meza."

Sasa hapa naomba nikae kidogo, maana wanasiasa wetu hawachoki kutuambia kwamba Kenya na Singapore zilikuwa sawa miaka ya sitini, na hawaendelei na hadithi. Singapore ya wakati huo ilikuwa na wachuuzi barabarani kama Nairobi: maji machafu mitaroni, askari wakiwafukuza, wakirudi. Mwaka 1968 serikali ilianza kuwaandikisha, mmoja mmoja, ikawapa leseni. Kisha ikajenga kumbi zenye maji, mifereji na umeme, ikazijenga katikati ya nyumba za watu na karibu na vituo vya basi, na kufikia katikati ya miaka ya themanini wachuuzi wa barabarani walikuwa wamehamia ndani. Kodi ya vibanda vya wale wa mwanzo iliwekwa chini makusudi. Ilichukua karibu miaka ishirini. Sisi mwaka 2008 tulifungua soko la Muthurwa, tukawaambia wachuuzi wa katikati ya jiji waende huko, mbali na miguu ya wateja wao, tukashangaa walipoteleza kurudi Tom Mboya Street. Na kanjo, askari wa kaunti, bado wanapakia ndizi za mama kwenye lori. Sipendi mambo mengi ya Singapore. Mtu anaweza kutozwa faini kwa kutorudisha sinia lake baada ya kula. Lakini mama anayekaanga mandazi mbele ya kibanda cha rafiki yangu angebadilishana faini hiyo na lori la kanjo leo hii.

Kutoka hapo unavuka daraja la nchi kavu lililofunguliwa rasmi mwaka 1924, unapita uhamiaji mara mbili, na ukishuka Johor Bahru bei zinaanguka ghafla. Mabasi ya Malaysia yana viti vipana kuliko vya ndege. Magari yanakwenda upande wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo hugongwi kwa kuangalia upande usiofaa. Soketi ni zile zile za matundu matatu, urithi wa bwana mmoja. Kinyozi alichomeka mashine yake hostelini bila adapta na kabla ya usiku kuisha alikuwa ameshanyoa Mfaransa, Mwajentina na mlinzi wa zamu. Mfaransa alilipa kwa kahawa. Mlinzi alitaka kulipa pesa, akakataliwa, kesho yake akaleta ndizi za kukaanga.

Melaka ilitushika. Nilikuwa nimeuweka kwenye njia kwa sababu ya ukurasa mmoja tu wa historia. Tomé Pires, mfamasia Mreno aliyekaa hapo kuanzia 1512, aliorodhesha watu waliokuja kufanya biashara bandarini, na katika orodha yake wamo watu wa Kilwa na watu wa Malindi. Alidai lugha zilizosikika mjini zilikuwa 84. Chukua chumvi yako juu ya hiyo 84, lakini watu wa Kilwa na Malindi si wa kubuni: vyombo vilisukumwa na kaskazi na kusi, vikakutania Gujarat au kusini mwa India, na bidhaa za pwani yetu, pamoja na baadhi ya watu wake, zikaendelea mashariki. Pepo hizo bado zinatawala. Upande wa mashariki wa Malaysia, visiwa vya Perhentian hufunga shughuli zake upepo wa kaskazini mashariki unapovuma, kuanzia karibu Novemba, miezi ile ile ambayo jahazi zilikuwa zikiteremka kutoka Uarabuni kuja Lamu na Mombasa. Ndiyo sababu tulishika pwani ya magharibi.

Wareno waliuteka Melaka mwaka 1511, miaka kumi na mitatu baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi, wakajenga ngome. Waingereza waliibomoa mwaka 1807, na kilichobaki ni lango moja la mawe meusi chini ya kilima, limezungukwa na watalii na baiskeli za magurudumu matatu zilizopambwa vikaragosi na kupiga muziki kwa sauti ya matatu ya Umoinner. Rafiki yangu alipelekwa Fort Jesus na shule, kama wanafunzi wengi wa Kenya. Alizunguka lango lile mara mbili, akaweka kiganja kwenye jiwe. "Hawa jamaa walikuwa na fundi mmoja kila mahali?" Swali si baya. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 na kazi ya kulinda ilikuwa ile ile: kuishika njia ya bahari na kumtoza kila apitaye. Yetu imesimama nzima kwa sababu Waomani walipoitwaa mwaka 1698 waliona inafaa kukaa. Melaka walikuja Waholanzi, kisha Waingereza, na Waingereza wakaona ni afadhali isiwepo kuliko adui aikute.

Kuala Lumpur tulipita. Ni mji mzuri kwa mtu mwenye pesa au mwenye shangazi. Tulipanda ngazi 272 za Batu Caves, kima wakamnyang'anya mwenzetu mmoja wa hosteli chupa ya soda, tukashuka.

Penang ndiko tungekaa hadi pesa ziishe. Ukitaka kujua kwa nini, amka mapema George Town utafute banda la Waislamu wa Kihindi, wale wanaoitwa mamak. Mtu anachukua donge la unga lililolala kwenye mafuta, analipiga juu ya meza ya chuma, analirusha hewani likaanguka jembamba hadi unaona mkono wake upande wa pili, analikunja, analitupa kwenye chuma cha moto, kisha analikusanya kati ya viganja viwili kwa makofi mpaka tabaka zake zinafunguka. Wanaiita roti canai. Inakuja na mchuzi wa dengu. Rafiki yangu aliipasua, akachovya, akatafuna kimya. "Boss, hii ni chapo. Chapo iliyosoma." Chai ya maziwa humwagwa kutoka kikombe hadi kikombe kwa urefu wa mkono ili ipate povu. Kuna wali wa nazi asubuhi, umefungwa kwenye jani la mgomba na dagaa wa kukaanga na pilipili. Mswahili wa Mombasa hapa hahitaji kamusi ya vyakula, na wa Satellite, aliyezoea chapo madondo, hachelewi kujifunza.

Ndipo tukapata kinyozi wa Kitamil kwenye mtaa wa Wahindi: viti vya chuma vya zamani, poda, picha ya miungu juu ya kioo. Vinyozi wa aina hii wanapungua. Vijana wa Malaysia hawaitaki kazi hiyo, na serikali ilisimamisha kuleta vinyozi kutoka nje mwaka 2009, ikalegeza 2023. Mzee alinitazama nywele zangu, akatazama mkasi wake, akasita. Rafiki yangu akatoa mashine. Kwa ishara tupu wakakubaliana. Yeye alininyoa upande mmoja, akifuta mstari wa paji la uso kwa ncha, polepole, ili mzee aone pembe ya mkono. Upande wa pili akampa mzee mashine. Mkono wa mzee haukutetemeka, lakini alikuwa akiisukuma mashine kufuata nywele, na zetu hukatwa kwa kuzikabili. Mara ya tatu akaelewa, akasema neno moja kwa Kitamil lenye sauti ya "kumbe". Baada ya hapo akamkalisha mwalimu wake kwenye kiti, akamkanda mabega, akamshika kichwa, na kukigeuza kwa mshtuko mmoja, shingo ikalia kama kuni. Rafiki yangu ambaye hukanda wateja kila siku alipiga kelele. Hakuna aliyelipa.

Langkawi ilikuja mwisho, kwa feri kutoka bara. Kisiwa hicho kimesamehewa ushuru tangu 1987, na bia, ambayo kwingine Malaysia hutozwa kodi nzito, hapo ni rahisi. Kuna watalii wa Malaysia wanaokwenda kununua sufuria na chokoleti tu. Ufuo wa Cenang ni mweupe. Diani ni mweupe zaidi, na nitasimama mahakamani kulisema hilo. Lakini nyuma ya Cenang, hatua chache kutoka mchangani, kuna vyumba vya feni vyenye bei ubaoni, na mama mwenye vyumba ndiye huyo huyo anayepika wali mbele. Pwani yetu ilijengwa kwa hesabu nyingine. Kuanzia miaka ya sitini na sabini ilijengewa Mjerumani na Mwitaliano aliyelipia kila kitu kwao, ndege, kitanda na chakula, akashushwa Mombasa na kupelekwa kwa basi hadi ndani ya geti. Ufuo ni wa umma kisheria, ila jaribu kuufikia kati ya kuta mbili za hoteli ukiwa umevaa kama mtu wa Satellite.

Tulikuwa tumekaa mchangani tukibishana juu ya hilo na kijana wa hapo anayekodisha maboya. Aliuliza tumetoka wapi, akaelekeza kidole baharini upande wa magharibi, akauliza kama wimbi la tsunami la 2004 lilitufikia. Lilifika. Desemba 26 liliua watu 68 Malaysia, wengi wao Penang. Kufika kwetu lilichukua saa nyingi. Polisi wakapata muda wa kuwaondoa watu ufuoni, na Kenya ikapoteza mtu mmoja, Watamu. Yule kijana alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Alisema babake alipoteza mashua na akaapa hatarudi majini, akarudi baada ya mwezi.

Rafiki yangu alikuwa ameshatoa simu na kuanza hesabu. Kiti cha kawaida cha treni ya Madaraka hadi Mombasa, shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Feri ya Likoni, bure kwa anayetembea. Hosteli za mkoba sasa ziko Diani na Kilifi, chache, na wageni wake wengi bado ni wa kutoka nje. Basi hadi Mokowe, mashua hadi Lamu. Hakuna viza, hakuna sindano, hakuna anayekuuliza benki. Alichokosa kwenye orodha yake ni ubao wa bei, kwa hiyo akaandika kwa herufi kubwa: UJUE BEI KABLA. Tulipokwenda Lamu msimu uliofuata, ndivyo tulivyofanya. Tulikubaliana na mwenye nyumba barazani kabla ya kuvua mikoba, chumba cha juu karibu na paa, na jioni yake mwanawe mkubwa akaja kuuliza kama ni kweli mmoja wetu ni kinyozi.